Disko ya Mchana Kwetu Mudzipela

Hadi leo sinunui karanga za kwenye plastiki. Nikifika soko lolote, na nimefika masoko mengi kwa sababu miguu yangu haikuumbwa kukaa, natafuta kwanza mama anayefunga karanga zake katika karatasi. Nakula karanga, kisha naisoma karatasi. Nimesoma hivyo nusu ya barua ya talaka, ukurasa mmoja wa kitabu cha ufugaji wa nyuki, na mtihani wa historia wa mtoto aliyepata sifuri. Mwalimu wa mtoto huyo aliandika kwa wino mwekundu kwamba amezidi kuota ndoto. Nilimpenda mtoto yule bila kumjua.

Majuzi, katika soko la Mahagi, nilipewa karanga za moto katika ukurasa wa namna hiyo. Mafuta yalikuwa yameanza kuingia kwenye wino. Ile harufu ya wino uliolowa mafuta ya karanga, ninyi mliokua wakati wangu mnaijua. Nilisimama katikati ya soko na watu wakanipita kama maji yanavyolipita jiwe. Nilikuwa na miaka kumi tena, na Papa, baba yangu, alikuwa bado yuko kazini.

Tulikaa mtaa wa Mudzipela, yeye na mimi, katika nyumba ya vyumba viwili vya tofali za udongo. Mabati yake yalikuwa na matundu ya misumari ya nyumba nyingine, maana Papa aliyanunua yakiwa yametumika. Tulifika hapo kwa miguu, tukikimbia vita upande wa Djugu, nikiwa na miaka sita. Tulianza safari tukiwa watatu. Mama alishikwa na homa njiani. Tulimzika asubuhi kando ya shamba la mihogo la mtu tusiyemjua, kwa jembe la kuazima, na jua halijapanda vizuri tulikuwa tunatembea tena. Hayo ndiyo niliyoyajua kuhusu Mama. Uso wake sikuwa nao. Nilikuwa na mgongo wake tu, kwa sababu nilibebwa, na mtu anayebebwa haoni uso.

Papa alikuwa fundi wa kujenga. Alijenga nyumba za watu kuanzia asubuhi, akarudi na simenti kwenye nyusi, akaosha mwiko wake wa chuma kwa uangalifu kuliko alivyoosha mikono, tukala, tukanyamaza. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu ambaye maneno yake yalibaki mahali fulani nyuma yetu, kama mzigo uliokuwa mzito mno kuubeba.

Na hakuna mtu aliyekuja kwetu. Hilo ndilo lililoniuma. Kwenye nyumba nyingine za avenii yetu, barabara yetu ya mtaani, watu waliingia na kutoka kama kuku. Mama mmoja alikwenda kwa mwenzake kuazima chumvi akakaa hadi chumvi ikasahauliwa. Kwetu watu walisalimia wakiwa nje ya ua wa matete, wakimwita baba kwa jina langu, "Papa Sifa, mubonjour," na miguu yao haikusimama. Tulikuwa na viti vinne. Vitatu nilivifuta vumbi kila Jumamosi bila mtu kuvikalia.

Sababu kila mtu aliijua isipokuwa mimi. Ninyi mnajua desturi yetu. Mtu akifa kwenye avenii, kila nyumba inatoa mtu. Wanawake wanabeba kuni na maji, wanaume wanabeba viti na kuwasha moto mbele ya ua, sebule inatolewa vitu vyote ili watu wakae chini kwenye mikeka. Hakuna anayealikwa. Kilio chenyewe ndicho mwaliko. Na asiyekwenda kwa wenzake, wenzake wanajua hesabu hiyo. Papa alikuwa haendi. Kilio kikisikika, alifunga mlango.

Siku mama mkwe wa Mama Espé alipokufa, ng'ambo tu ya ua wetu, nilimwuliza.

"Papa, siye hatuende?"

"Kuko batu ya kutosha kule."

"Batu banatuangalia."

"Baangalie." Aliendelea kuosha mwiko uliokuwa umeshatakata. "Siye, nani alikuja kutuangalia?"

Nilisikia katika jibu lile kitu kimoja tu: Papa anataka watu waje. Nikafikiri, mtoto mjinga mwenye akili, kwamba watu hawaji kwa sababu nyumba yetu haina raha. Nilikuwa nimeona aniverseri, sikukuu ya kuzaliwa, ya Espérance, binti wa Mama Espé: muziki, biskuti, watu hadi kwenye dirisha. Basi dawa niliijua. Wakiingia mara moja tu, wakakaa kwenye viti vile vitatu, watarudi, na Papa atapata mtu wa kuongea naye, na labda na mimi nitapata kusikia.

Dawa yenyewe ilikuja ndani ya kilo mbili za karatasi.

Nilikuwa nauza karanga baada ya masomo, na karatasi za kufungia nilinunua sokoni kwa mzee aliyekusanya makaratasi ya ofisi zilizohamia mbali. Kati ya ripoti na fomu siku hiyo palikuwa na boksi bapa. Juu yake palikuwa na picha ya watu wenye nywele kubwa kama vichaka, suruali zimepanuka chini kama kengele, na juu ya vichwa vyao mpira uliotengenezwa kwa vioo vidogo vidogo, ukitupa nuru kila upande. Maandishi yalikuwa Kifaransa. Nilikuwa darasa la nne na Kifaransa changu kilitembea kwa fimbo, lakini kilitembea. Nilisoma kwa siku tatu. Kumbe ulikuwa mchezo wa kuchezea nyumbani. Watu wanane wanaalikwa kwenye disko. Mwenye disko anakutwa amekufa. Mmoja wa waalikwa ndiye muuaji. Kila mtu anapewa kadi yenye jina, mavazi na siri yake, watu wanaulizana maswali, na mwisho bahasha inafunguliwa na kusema nani alifanya.

Wazungu, nikawaza, wanajua jambo kubwa: ukitaka watu wakae kwako mchana kutwa, wape mtu aliyekufa na wasijue sababu. Nilikuwa karibu sana na ukweli, ila nimeushika mkia.

Kadi zilikuwa zimebaki tano. Tatu nilikuwa nimeshafungia karanga kabla sijalitambua boksi, na bahasha ya jibu pia. Muuaji aliondoka Mudzipela pamoja na karanga za mtu, na hadi leo hajulikani. Sikujali. Nilitaka waalikwa, majibu yangesubiri.

Niliandika mialiko tisa kwenye karatasi za daftari. Mpira wa vioo niliutengeneza kwa mpira wa majani ya ndizi, nikabandika kwa uji mzito wa muhogo vipande vya CD zilizovunjika nilizookota nyuma ya nyumba ya kuonyesha filamu. Niliufunga kwenye mti wa paa kwa uzi. Kisha nilikaa chini nikasubiri, kwa sababu nilikuwa nimechunguza jambo moja kwa wiki nzima: kati ya saa nane na saa tisa mchana, jua lilipita kwenye tundu moja la mabati na kuingia sebuleni likiwa limenyooka kama fimbo. Nilihamisha uzi mpaka fimbo ile ikaugonga mpira. Ukuta wetu wa udongo ukajaa nyota. Nilizungusha, zikatembea. Nilipiga kelele peke yangu, nikageuka nione nani ameona.

Jumamosi ilipofika, Papa alikwenda kazini na nguo zake za simenti. Nilifunga madirisha, nikaweka mezani biskuti na chupa mbili za maji ya ndimu. Walikuja watatu tu. Espérance alikuja na gauni la aniverseri. Alimleta mdogo wake Trésor wa miaka mitano, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumwacha. Na Bahati wa darasani kwetu alikuja amejizungushia karatasi za fedha za pakiti za sigara shingoni, mzuri kama kanisa, akauliza mlangoni:

"Muchele iko?"

"Hakuna muchele. Ni disko."

"Disko bila muchele?"

Niliwasha redio. Betri zilikuwa chovu na stesheni pekee iliyokubali ilikuwa na mhubiri. Tulicheza hivyo hivyo, kwa mhubiri, na alipopandisha sauti tuliruka zaidi. Nyota zilitembea juu yetu. Kwa muda wa kama robo saa nilikuwa na watu nyumbani kwangu.

Kisha ikabidi mtu afe.

"Miye siwezi," Espérance akasema. "Mama alikataza. Batu habachezake na kifo."

"Trésor, weye lala tu hapa, ufunge macho."

"Sitaki! Nitakufa kweli!"

"Bahati?"

"Nilale chini na karatasi hizi? Zitaharibika. Weye njo mwenye disko, kufa weye."

"Miye njo naongoza. Nikikufa nani atawasomea?"

Hapo ndipo akili yangu iliponiponza. Nililikunja godoro la Papa, nikalifunga kamba, nikalivalisha suruali na koti lake la Misa. Miguuni nikachomeka viatu vyake vya Jumapili, vile vya kahawia vyenye kiraka cheupe kwenye kisigino cha kushoto ambacho avenii nzima ilikijua. Nilililaza mkekani, nikalifunika kwa shuka jeupe kuanzia juu mpaka kwenye vifundo. Viatu vilibaki nje, vikiangalia paa. Tulisimama wote wanne tukatazama. Hakuna aliyecheka.

Kadi ya Espérance ilisema: mwimbaji anaingia, anauona mwili, anapiga ukelele. Aliingia. Akasema, "Ii."

"Hiyo ni ya panya," nikamwambia. "Mutu amekufa! Lia sawa mama yako alilia siku ya bibi yenu."

Hiyo aliijua. Aliweka mikono kichwani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akaiachia. "Yoooo! Yooo mama yooo! Anatuacha! Tutaenda wapi, yooo!" Trésor alipomwona dada yake hivyo akaanza kulia kwa kweli. Bahati akaingia kwa sauti ya pili, kama kwenye kwaya. Na mimi nikalia. Nililia vizuri sana. Sikujua nilikuwa na kilio kirefu namna ile ndani yangu, kilitoka tu, kama kamba unayoivuta kisimani na ndoo haifiki.

Mama Espé alifika wa kwanza, unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Alisimama mlangoni. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kiraka cheupe.

"Papa Sifa!" akasema taratibu, kama anayemwita. Kisha akapiga ukelele ambao ulifanya wetu uwe kweli wa panya.

Espérance, akimvuta Trésor, na Bahati walitorokea mlango wa nyuma kama moshi. Mimi nilibaki.

Ninyi mmeona jinsi avenii inavyoingia katika nyumba yenye msiba. Haibishi hodi. Walikuja na kuni kichwani, na maji, na watoto mgongoni. Wanawake wanne walianza kutoa vitu: meza ikatoka na biskuti zake, viti vikatoka, redio ikatoka huku mhubiri bado anasema. Kwa muda mfupi sebule ilikuwa tupu na mikeka imetandikwa. Nje nilisikia wanaume wanavunja kuni. Mtu aliuliza bashi, turubai la msiba, iko wapi, mwingine akajibu iko kwa shefu wa avenii, aende mutu na kinga, ile baiskeli.

"Ni muchezo," nikasema.

"Nini, mutoto yangu?"

"Si Papa. Ni muchezo."

Mama Espé alinivuta kifuani mwake kwenye unga. "Masikini, akili yake inazunguka. Nyamaza, mama. Lia. Lia tu."

Mtauliza kwa nini hakuna aliyefunua shuka. Aliyekufa hafunuliwi na jirani. Anafunuliwa na watu wake: kaka, shangazi, mtu wa ukoo. Mama Espé alinyoosha mkono mara moja, akaurudisha. "Tungoje familia," akasema. Wakangoja familia. Hawakujua kwamba familia yote ilikuwa imekaa mapajani mwake.

Nilisema mara ya pili. Mara ya tatu sikusema. Nataka niliandike hili bila kulipamba, kwa sababu limekaa nami katika miji yote niliyolala. Sikunyamaza kwa hofu. Nilinyamaza kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa. Magoti yaligusana. Mtu nisiyemjua jina alikuwa ananisugua mgongo kwa mviringo, hivi, bila kuchoka. Nikafikiri, waache kidogo.

Sauti iliyopita zote ilikuwa ya Mama Adèle, muuza makaa, mjane mwenye mdomo ambao hata polisi waliukwepa. Hakulia kama wengine. Aligombana na maiti.

"Papa Sifa, weye! Bwana yangu alikufa, ulikuja? Haukukuja! Ulifunga mulango, nilikuona! Leo miye nakuja! Unaniona? Na makaa nilileta! Amuka uone aibu yako!"

Wanawake waliitikia yoo. Juu yao mpira wangu ulikuwa unazunguka taratibu, na nyota zilipita kwenye vitambaa vya vichwa na kwenye mashavu yaliyolowa, zikaenda ukutani, zikarudi. Hakuna aliyeinua macho. Kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na watu zaidi ya thelathini chini yake, na nilikuwa nakiangalia peke yangu.

Papa alirudi mapema siku hiyo, simenti ilikuwa imeisha. Aliniambia baadaye, miaka mingi baadaye, kwamba aliona moto kwenye ua wetu kutoka mwanzo wa avenii, akaona viti na wanaume. Alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumfia. Aliangusha mfuko wa vyombo barabarani akakimbia.

Nilichosikia mimi ni sauti za wanaume nje zikikatika, kiti kikaanguka, na mtu akasema, "Yezu na Maria." Kisha Papa alikuwa mlangoni, mweupe wa vumbi kuanzia nywele hadi miguu. Wanawake waliokuwa karibu na mlango walijirusha ukutani. Hakuwaona. Alipita juu ya miguu ya watu, akapiga magoti, akashika shuka akalivuta mara moja.

Godoro lilitutazama sote.

Papa aliangalia koti lake, suruali yake, viatu vyake. Kisha akainua kichwa akatafuta uso mmoja baada ya mwingine mpaka akaniona mapajani mwa Mama Espé.

"Nani alikufa?" akauliza.

"Weye," Mama Adèle akamjibu.

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajizuia. Kisha hasira ikaja, na ilikuwa na haki ya kuja. Kumlilia mtu aliye hai si mzaha kwetu. Mwanamke mmoja alinivuta sikio. Nje niliwasikia wanaume wakikunja viti na kusema huyu hajawahi kukuja kwa mutu na leo anatuita na godoro. Nilijaribu kueleza kuhusu boksi, na disko, na wazungu, na nikasikia kila neno likianguka chini kama kuku aliyekatwa. Mwisho nilisema lililobaki: "Nilitaka batu baingie."

Papa alisimama. "Muchukue kuni yenu," akasema bila kumtazama mtu. "Muchukue na makaa. Musamehe mutoto."

Walianza kutoka. Nilihesabu migongo. Sebule ilikuwa inarudi kuwa yetu, na mtu aliyekuwa akinisugua alikuwa ameondoa mkono wake, na mgongo wangu ukahisi baridi mahali pale tu, duara moja.

Mama Adèle hakusimama. Alikuwa amenyoosha miguu yake mbele kwenye mkeka, akaikaza.

"Kuni itarudi," akasema. "Makaa itarudi. Machozi hairudiake. Miye nililia, na mwenye nilimulia iko anapumua mbele yangu na masikio machafu. Sasa machozi ile niende nayo wapi? Niipeleke ku batoto yangu? Kilio inatafutaka mwenyewe, Papa Sifa. Tumupatie mwenyewe."

"Hakuna mufu hapa."

"Mama ya mutoto iko wapi?"

Waliokuwa mlangoni walisimama. Tulikuwa tumekaa nao miaka minne, ua kwa ua, na hilo lilikuwa swali la kwanza.

"Siye tulifikiri alikukimbia," Mama Espé akasema, sauti ndogo.

Nilijua jibu na nilijua si langu kulitoa. "Alibaki njiani," Papa akasema.

"Njia gani?"

"Ya kutoka Djugu. Mu shamba ya batu."

"Na nani alimulia?"

"Tulikuwa tunatembea."

Nimeishi maisha ya kuhamahama tangu hapo. Shule niliiacha miaka miwili baadaye, si kwa ubaya wa mtu, darasa lilikuwa dogo na barabara ilikuwa nje. Nimekuwa Gety kwa mavuno, Aru kwa biashara ya vitambaa, ziwani kwa samaki, na kila mji ninaofika mgeni, ikisikika sauti ya kilio naenda, hata bila kujua aliyekufa ni nani. Pale kuna mkeka, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Papa naye, kuanzia wiki ile mpaka alipokufa, alikuwa wa kwanza kufika na kiti kwenye kila msiba wa avenii. Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Mchana ule alikuwa bado amesimama katikati ya sebule, godoro miguuni pake, na wanawake walikuwa wanarudi mmoja mmoja kukaa chini.

"Jina yake," Mama Adèle akasema.

"Rosalie."

"Rosalie," wakarudia, kama wanaopima kamba.

"Alikuwa namna gani? Utuambie. Mutu haliake kivuli."

Papa aliangalia ukuta. Nyota zilikuwa zimeondoka, jua lilikuwa limevuka tundu. "Alikuwa anamenya muhogo na mukono ya kushoto," akasema. "Alikuwa anagombana na kuku kama batu. Anabaambia, weye jana nilikuambia nini?"

Walicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Mama Espé alianza chini chini: Rosalie, yoo. Sikuweza kulia. Kilio changu nilikuwa nimekitumia chote kwenye godoro. Nilikuwa nasikiliza tu, kwa mwili mzima, kama mtu anayekinga maji ya mvua kwa viganja. Mkono wa kushoto. Kuku. Usimwage.

"Alikuwa mweusi?"

"Mweusi."

"Murefu?"

Papa alifikiri. Akanyoosha mgongo, akainua mkono wake wa kulia wenye simenti, kiganja kikiangalia chini, akaupandisha, akaushusha kidogo, akautafuta mahali pake hewani karibu na sikio lake, mpaka ukatulia. "Hapa," akasema.

Wanawake wote waliangalia pale chini ya mkono, ambapo hapakuwa na mtu, wakalia.

Nilishuka kwenye mapaja ya Mama Espé. Nilipita kati ya magoti yao, nikaenda nikasimama chini ya kiganja kile, nikajinyoosha kwa vidole vya miguu. Ilibaki nafasi kubwa juu ya kichwa changu. Papa aliniona. Hakuushusha mkono.